Bi Shemsa Habebi Kitu

Bi Shemsa binti Himyar hakuwa mtu wa kubeba mizigo. Ndoo ya maji alibebewa, kikapu cha sokoni alibebewa, na tangu mwezi wa Rajabu hata mkoba wake wa mkononi alibebewa na binti yake Rawan. Basi mgongo ulimuuma kwa nini? Swali hilo lilimtafuna kuliko maumivu yenyewe, maana yeye alikuwa katika wale watu ambao jambo wasilolielewa huwanyima usingizi.

Maumivu yalikaa chini ya mgongo, upande wa kulia, juu kidogo ya nyonga. Alfajiri akiamka yalikuwa yametulia, mradi asiiname. Ikifika saa nne yalianza taratibu, kama mtu anayembonyeza kwa kidole gumba, na adhuhuri kile kidole kilikuwa kimeshageuka ngumi. Kuinama hakuweza. Akawa anasali juu ya kiti cha plastiki, kichwa anakiinamisha kidogo tu badala ya kusujudu. Watu walimwambia dini ni nyepesi, mgonjwa husali awezavyo, naye hilo alilijua tangu chuo cha Kurani. Lakini kujua ni jambo moja, na moyo una yake. Alikuwa na miaka hamsini na minne sasa, na tangu utotoni paji lake la uso lilikuwa likiujua mkeka. Shaabani ilikuwa imefika nusu. Kuipokea Ramadhani kitini, kama mgeni aliyekuja kutazama harusi ya watu, kulimuumiza hasa.

"Mwaka huu nitasujudu," alimwambia mumewe, Wael. "Sijui vipi, lakini nitasujudu."

Wael, mwenye duka la misumari na mabati pale pale Usagara, alisema tatizo ni godoro. Akanunua godoro gumu kama meza, na matokeo yake yeye ndiye akaanza kuumwa mabega. Jirani alisema ni husuda, watu wanaionea wivu mikate yake. Daktari akamuuliza swali moja tu: "Mama, unabeba vitu vizito?"

"Sibebi kitu."

"Basi punguza zaidi."

Bi Shemsa alirudi nyumbani na vidonge mkononi, njia nzima akijiuliza atapunguza kutoka ngapi.

Ile mikate aliyoonewa wivu ilikuwa mikate ya kumimina. Ilijulikana kuanzia Usagara hadi Nguvumali, na siri yake ilikuwa tui. Kila asubuhi alikuna nazi nane kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ya sokoni aliijaribu mara moja, akalionja tui, akasema lina ladha ya bawaba.

Nazi zenyewe aliletewa na Devota, mama Noa, aliyekaa Nguvumali. Devota alizifuata Maramba kwa kaka yake Laurenti, mkulima, kisha akazunguka nazo majumbani na tenga kichwani. Alizaliwa kambi ya mkonge, wazazi wake wakiwa vibarua waliotoka mbali, na Jumapili humwoni barabarani kwa sababu yuko misani. Yeye na Bi Shemsa walikuwa marika, walipishana miezi tu.

Jumanne moja Devota akapiga hodi, akaingia uani, akapiga goti na kulitua tenga lake bila hata kuguna. Rawan akamwamkia, "Shikamoo, mama Noa," akapokea marahaba. Bi Shemsa badala ya kuchagua nazi akaanza kumzunguka mwenzake kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Mama Noa, mgongo wako hauumi?"

"Ukiuma nitakula nini?"

"Sikuulizi utakula nini. Nakuuliza unauma au hauumi."

Devota akafikiri kwanza. "Miguu huniuma. Mgongo, hapana."

"Nazi thelathini hizi! Na mimi nisiyebeba hata ndimu, siinami!" Bi Shemsa alikasirika kweli, sijui kwa nani. Labda kwa Mwenyezi Mungu, astaghfirullahi, au kwa yule daktari. Akasimama mbele ya tenga. "Hebu nitwike."

"Hee! Bi Shemsa, mumeo ataniburuza baraza la kata."

"Mume wangu yuko dukani. Nitwike."

Devota akapunguza nazi, zikabaki kumi. Akaisokota kanga yake kuukuu ikawa ngata, akamwekea mwenzake utosini, kisha yeye na Rawan wakalinyanyua tenga. "Usinitazame mimi, tazama ukuta," akaelekeza. "Kidevu usikishushe. Mabega yaachie, wala usimkunjie mtu uso, mzigo hauogopi. Sasa nenda."

Bi Shemsa akaenda. Kutoka jikoni hadi kwenye simtanki, akageuka, akarudi. Alikuwa anaingojea ile ngumi. Ngumi haikuja. Akaenda tena, pole pole, Rawan akimfuata nyuma mikono imenyooshwa tayari kudaka nazi. Mgongo ulikuwa umenyooka toka kisogoni hadi kiunoni, na pale mahali pabaya palikuwa kimya.

"Kumbe kubeba si kitu?" akauliza alipotuliwa, jasho likimtoka na macho yakimng'aa.

"Kubeba ni kitu, usidanganyike. Ila unabeba ukiwa wima. Mama yetu kule kwenye mkonge alikuwa akituona tunajitwika huku tumejipinda, anatuchapa kijiti cha miguu. Anasema, mtajipinda leo, mtalia mkizeeka."

Bi Shemsa akamkaribisha chai, na ili asipoteze wakati akavuta mbuzi yake ya kukunia, akapasua nazi ya kwanza, akaketi, akaanza kazi. Devota alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni. Akakirudisha chini.

"Bi Shemsa, hapo unakuna nazi au unamuaga mtu?"

"Namuaga nani?"

"Miguu yako inakwenda Pangani, uso unakwenda Horohoro!"

Bi Shemsa akajitazama. Ni kweli. Kibao cha mbuzi kilikuwa kifupi, kimo cha shubiri na kidogo, naye alikikalia kiupande, miguu yote miwili ameilaza kushoto kwa adabu, na kiuno amekipinda kulia kukifuata kile chuma chenye meno. Mwili mzima ulikuwa umeegemea nyonga moja. Kwa kila kizio alijisokota, akajisukuma, akajisokota tena. Nazi nane ni vizio kumi na sita. Kila asubuhi. Tangu akiwa msichana.

"Ndivyo tunavyokaa sisi," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. Mwanamke wa heshima hapandi mbuzi kama mwanamume juu ya punda."

Na marehemu bibi hakuwa mjinga. Zamani zake ua ule haukuwa na ukuta, na wanaume wa biashara walipita humo humo mchana kutwa na magunia yao. Sasa palikuwa na ukuta kuushinda urefu wa Wael, na geti la chuma, na ukimtoa yeye, kiumbe dume pekee aliyeingia uani alikuwa paka. Wanaume waliacha kupita miaka thelathini iliyopita. Bi Shemsa aliendelea kuwasitiria miguu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hiki kilikuwa chini ya makalio yake mwenyewe.

"Nazi kumi za kichwani zimekuacha salama," Devota akasema. "Kizio kimoja cha mkononi ndicho kinakuua. Inuka nikuonyeshe."

Akakipanda kibao, goti huku na goti huku, chuma katikati mbele yake, kanga ameitandaza mapajani hata huoni kitu, mgongo wima. Akakuna kizio kizima kabla chai haijapoa.

Bi Shemsa aliona uso unamuwaka. Mtu mzima, mama wa watu, na aliona haya kama bi harusi. "Bibi angeniona!"

"Bibi hakuni nazi leo. Unakuna wewe."

Akaenda kufunga geti kwa komeo. Akamwambia Rawan aingie ndani. Rawan hakwenda, alikuwa ameinama akizuia kicheko. "Mama, mimi nikikuna peke yangu hukaa hivyo siku zote. Wewe ukitokea ndipo nageuza miguu."

Bi Shemsa hakujua amgombeze au amshukuru. Akakipanda kibao.

Siku ya pili ngumi ilirudi kuwa kidole. Siku ya nne adhuhuri ilipita, na alipokuwa akiipua mkate ndipo alipotambua kwamba amesahau kuyangojea maumivu. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi akanyamaza. Bi Shemsa alisema alhamdulillahi, kisha kesho yake akakaa kiupande tena, makusudi, miguu kushoto kama alivyofundishwa.

Wael alimkuta hivyo akaja juu. "Umepona! Sasa unautafuta ugonjwa kwa tochi?"

"Nataka nijue unakaa wapi. Kama ni dawa za daktari zilizoniponya, je? Kama ni godoro lako?"

Kufika adhuhuri ngumi ilikuwa imerejea pale pale, na Bi Shemsa, mkono kiunoni, alipiga kigelegele. Sidhani kama Usagara imewahi kuona mtu aliyefurahia maumivu vile.

Furaha hiyo ilidumu hadi jioni. Safari hii maumivu yalikataa kuondoka. Alirudi kukaa wima siku ya pili yake, na ya tatu, na bado akijaribu kuinama jicho linaona nyota. Ikaingia Shaabani ishirini na saba. Alijua sasa ugonjwa unakaa wapi, alikuwa na hakika nao, lakini hakika hiyo ameinunua kwa bei gani? Usiku wa kuamkia ishirini na nane alilia kidogo, ameufunika uso kwa mto. Aliogopa kwamba kwa udadisi wake ameichezea Ramadhani.

Siku ya ishirini na tisa, Devota alipoleta nazi, alimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi ya moto, akamwambia asijipime tena kama mtu anayefukua mhogo kila siku kuona kama umekua. Alipoondoka, adhana ya alasiri ikasikika. Bi Shemsa akatawadha, akatandika mkeka katikati ya chumba, akasimama.

Alirukuu polepole. Mgongo ukauma kidogo, ukaacha. Akanyooka, akashusha magoti, akaweka viganja, na hakujua amefikaje lakini paji lake la uso lilikuwa limegusa ukindu, na harufu ya mkeka ikampanda puani, harufu aliyokuwa ameikosa miezi miwili. Subhana rabbiyal a'la. Akaisema mara tatu. Akaisema tena.

Nyuma yake alisikia nyayo za Wael aliyerudi kutoka msikitini zikisimama mlangoni. Zikakaa. Kisha mnong'ono wa hofu: "Rawan! Njoo umsaidie mama yako, amekwama."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Aliinuka kwa wakati wake, akasujudu tena, akazimaliza rakaa zote nne, akatoa salamu kulia na kushoto. Ndipo walipomwona uso ulivyolowa.

"Tulidhani umekwama," Wael akasema.

"Sikukwama," Bi Shemsa akajibu. "Nilikuwa sitaki kuinuka."