Alama Nyekundu ya Wimbo wa Saba

Lea alikuwa fundi sauti mjini Dodoma, na mafundi wenzake walimcheka kwa mambo yake ya alama. Kila aliporekodi onyesho, wimbo ukianza tu, alibonyeza kitufe na alama ya kijani ikakaa kwenye kompyuta. Mtu akikosea, alama ya njano. Likitokea jambo asilolielewa, nyekundu. Alikuwa na maiki kumi na sita, kila moja na mstari wake wa sauti; bila alama, saa tatu za muziki ni pori. Utaingia na usijue utokee wapi.

Jumamosi ile alirekodi akina mama wa kijiji cha Zuzu, wapiga ngoma za muheme, katika ukumbi mmoja wa mjini. Kiongozi wao, Mama Ruthu, alikuwa amemzika mwanawe Joel mwezi wa tatu, na hili ndilo lilikuwa onyesho lake la kwanza tangu msiba. Aliimba vizuri mpaka wimbo wa saba, wimbo wa mavuno. Katikati ya ubeti sauti ikamkatika, akageukia pazia, kisha akaangua kilio. Ukumbi mzima ukasimama, simu juu, watu wakipiga makofi. Lea akabonyeza nyekundu, akaandika: "Mama Ruthu analia. Aulizwe."

Jumatatu asubuhi Zablon, mwandaaji wa onyesho, alikuja kusikiliza. Aliketi ubavuni mwa Lea na mfuko wa kuku wa kukaanga, akala huku akirukia alama moja baada ya nyingine, kipanya kikiteleza kwa mafuta. Alipofika kwenye nyekundu, akaacha kutafuna.

"Hapo!" alisema, akilamba kidole. "Hapo ndipo penye utamu. Rudisha."

Lea akarudisha. Kilio kikajaa chumbani. Zablon akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hiki kitangulie albamu nzima. Kilio kinavuta watu, Lea. Rudisha tena."

"Si angeulizwa kwanza mwenyewe?"

"Aulizwe nini? Amelia mbele ya watu mia nne."

Alikisikiliza mara tano, akaondoka akiacha mifupa juu ya meza. Lea aliitupa, akasugua kipanya kwa spiriti, bado akahisi kinanata. Lililomkera zaidi ni kwamba alama ile aliiweka yeye. Zablon hakuhangaika kukitafuta kilio. Alikikuta kimeshaandikwa jina.

Akaketi kuchunguza. Kwa nini mtu alie katikati ya wimbo wa mavuno? Alizima mistari yote, akaifungua mmoja mmoja, sekunde chache kabla ya alama. Maiki za ngoma zilitoa ngoma tu. Maiki ya zeze ilikuwa imesimama ukingoni mwa jukwaa, karibu na pazia. Hapo, chini ya nyuzi, akasikia mnong'ono wa mwanamume:

"Mama Ruthu. Mkumbuke Joel. Joel yuko ardhini, wewe unaimba mavuno? Lia, mama. Watu wanasinzia."

Ilikuwa sauti ya Zablon. Na baina ya maneno alikuwa akitafuna jojo, taratibu, tena kwa raha.

Lea alivua hedifoni, akatoka nje, akatema mate. Akatema tena.

Kesho yake alikwenda Zuzu na kompyuta begani. Alimkuta Mama Ruthu uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika hivyo?"

Lea akamweleza alichokikuta, akamuuliza kama angependa kukisikia. Mama akaweka ungo chini, akavalishwa hedifoni. Alisikiliza mara moja tu. Kuku wakaja kudonoa mtama na hakuna aliyewafukuza.

"Niliisikia sauti hii," alisema hatimaye. "Kwa zile ngoma sikujua imetoka wapi. Nikadhani ni moyo wangu unanisuta kwamba nimewahi mno kufurahi. Tangu siku ile sijaimba, hata kanisani." Akavua hedifoni. "Kumbe ni mtu."

"Ni mtu, mama."

"Tena anatafuna." Uso ukamkunjamana kama aliyekanyaga kinyesi. "Mpigie."

Lea akapiga, akafungua spika ya simu.

"Zablon, ni mimi Ruthu. Nimekusikia pale nyuma ya pazia."

"Aa, mama yangu! Ile ni sanaa tu. Si uliona watu walivyosimama?"

"Mwanangu si chumvi ya kukolezea mboga yako. Nyimbo zetu hupati hata moja."

Akamrudishia Lea simu, mtu bado anaongea ndani yake.

Kilio kilifutwa palepale, mama akitazama. Mnong'ono wakauacha, akina mama wa kikundi wakausikia, kisha wenzao wa vijiji jirani. Vikundi viwili vikamkatalia Zablon. Wimbo wa saba waliurudia mwezi uliofuata ndani ya kanisa la Zuzu. Sauti ya Mama Ruthu ilikwaruza kwenye ubeti wa pili. Lea akaweka alama ya njano, lakini mama akasema hapana, paachwe hivyohivyo.

Baadaye, kwenye sherehe moja kule Mtumba, Zablon alimfuata Lea akicheka, mkono ameunyoosha. "Yameisha yale, dada yangu, au sio?"

Lea aliutazama ule mkono. Akaficha wake nyuma, akampita.