Mwaka Aliouongeza Hogla

Mwaka mmoja tu, jamani. Hogla hakuiba ng'ombe wa mtu wala hakusogeza jiwe la mpaka; alimwongezea mwanawe Elasa mwaka mmoja, basi. Jemadari wa mfalme alipofika kijijini kuhesabu wanaume wa miaka ishirini na zaidi, wanaoweza kushika upanga, Hogla alimsukuma kijana mbele, akasema bila kupepesa macho, "Ishirini kamili, bwana mkubwa." Karani akamnyooshea kidole, akaandika.

Angefanyaje? Mumewe Peresi alishakufa, na shemeji yake Gera alikuwa ameanza kulipima shamba la mizeituni kwa hatua zake mwenyewe, akisema nyumba isiyo na mwanaume wa kuhesabiwa ni nyumba iliyofutika. Sasa jina la Peresi limesimama, na Gera amerudi kwake kanuna. Siku hiyo Hogla alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Lakini kila mtu aliona kilichokosekana. Tangu enzi za mababu, Mwisraeli hahesabiwi hivi hivi kama mbuzi wa mnadani. Watu ni wa Mungu, na anayehesabu mali ya mwenziwe bila ruhusa anajitafutia balaa. Kwanza kila mwanaume hutoa nusu shekeli, tajiri sawa na maskini, iwe fidia ya roho yake; ndipo ahesabiwe. Wazee waliponung'unika, jemadari aliwajibu kwamba mfalme anataka panga, hataki fedha. Wakafyata mkia, wazee wazima!

Tauni ikaingia wakati wa kuvuna ngano. Ilipita nyumba kwa nyumba ikichukua walioandikwa, na siku ya tatu Elasa akaanguka kondeni, mwili unawaka, kwapani uvimbe.

Hogla akakimbilia kwa kuhani Aheri na nusu shekeli mkononi.

"Pokea, baba. Pokea haraka!"

"Fidia hutangulia hesabu, mama, haiifuati. Tangu asubuhi nimewarudisha wengi."

"Basi nakwambia kweli. Ana kumi na tisa. Nilidanganya mimi, mwongo mkubwa mimi! Hakutakiwa kuhesabiwa kabisa."

Kuhani alimtazama kwa uchovu. "Kama ni kweli, hayumo kwenye hesabu. Nitamtolea mwana-kondoo, nimwombe Mungu amwache. Lakini nataka neno la mtu wa ukoo wa mumeo, na neno la kijana mwenyewe. La mama peke yake halitoshi. Leo kila mama hapa kijijini ana mtoto wa kumi na tisa."

Mtu wa ukoo alikuwa mmoja tu. Hogla akaenda kumpigia magoti yule yule aliyemcheka.

"Haa! Shemeji!" Gera alisema. "Leo ndiyo umejua kuhesabu miaka?"

"Shamba ni lako. Njoo tu useme kweli."

"Na shinikizo la kukamulia mafuta?"

"Na shinikizo, na punda, na mkeka ninaolalia ukiutaka! Inuka, Gera, mtoto wa kaka yako anakufa!"

Gera akainuka. Mlangoni pa chumba cha mgonjwa, mbele ya kuhani aliyekuwa ameshika kamba ya mwana-kondoo, aliapa bila kusitasita. "Kumi na tisa. Nilikuwepo alipozaliwa." Alikuwa mchoyo, lakini hilo lilikuwa kweli tupu. Macho yake yalikuwa kwenye mitungi ya mafuta.

Elasa aliyaona macho hayo.

"Mama, umempa nini baba mdogo?"

"Usiulize, mwanangu. Sema kumi na tisa."

"Umempa nini?"

"Shamba," Gera alijibu. "Na shinikizo. Tumeelewana, ni haki yangu."

Kijana alifumba macho. Midomo ilikuwa imempasuka kwa homa. "Utakaa wapi, mama?"

"Nitakaa njiani! Nitakaa makaburini! Sema!"

Kuhani akapiga goti. "Elasa mwana wa Peresi, una miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Mwongo!" Hogla alimrukia, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Mwongo wewe! Nilikuzaa mimi, najua mimi! Baba, homa hiyo inasema, usimsikilize!"

Kuhani aliuliza tena, polepole. Elasa alimtazama mama yake, si kuhani.

"Ishirini. Mimi ndiye nyumba ya Peresi, imeshaandikwa. Shamba lisiguswe."

Gera alitoka akibwata kwamba ameapishwa bure. Kuhani naye akasimama, akaivuta kamba; nje mama mwingine alikuwa anamngoja na shemeji yake. Hogla alilidaka pindo la joho lake na kuling'ang'ania.

"Muulize tena, baba. Mara moja tu. Sasa hivi atasema."

Kuhani Aheri alirudi, akainama, akamuuliza. Elasa hakujibu tena.