Mjimwema Ilipopakwa Rangi Moja

Noela alikuwa akikoroga uji jikoni kwake, mtaa wa Mjimwema mjini Songea, wakati mama yake, Kunegunda, alipoingia, akafungua kinywa, sauti isitoke. Midomo ilikwenda kama kawaida, mkono ukaonyesha kuni zilizolowa, ila Kimatengo chake, lugha ya kwao Mbinga, hakikusikika. Noela akampa kigoda. Sababu aliijua: jana yake ofisini kwao walikuwa wameimaliza ramani.

Ilikuwa ramani ya lugha za Songea, iliyochorwa kutokana na yale watu wanayoandika mitandaoni na mahali simu zao zilipo. Mjimwema yote ilitoka rangi ya Kiswahili. Kunegunda hakuwahi kumiliki simu.

Uani kwa jirani, mzee Muhsini, aliyetoka Nalasi kule Tunduru, aliwaita mbuzi kwa Kiyao, midomo ikienda bila sauti. Mbuzi hawakugeuka. Akawafuata kwa fimbo.

"Mama yangu hasikiki," Noela alimwambia Aidani, mkuu wa mradi.

"Ana akaunti?"

"Hana hata simu."

Aidani alisikitika kweli. "Basi dada, mfungulie. Aandike."

Noela akamfungulia, akaandika maneno yote ya mama yake aliyoyakumbuka. Kompyuta ya ofisi iliyapokea vizuri, ikayahesabu kuwa Kiswahili chenye makosa. Sauti haikurudi.

Masika Kunegunda akaanza kuumwa. Wakaenda zahanati.

"Shikamoo mama. Unaumwa wapi?" aliuliza muuguzi.

"Marahaba," alijibu Kunegunda, na hilo lilisikika. Kisha akaeleza kirefu maumivu yalivyoanza na yanavyomkamata, bila sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni. Muuguzi alingoja kwa adabu mpaka midomo ikatulia, akamgeukia binti.

"Anasemaje?"

Noela alikulia mjini. Kimatengo alikijua kwa masikio tu.

"Nadhani tumbo," alisema.

Wakapewa dawa za tumbo. Kunegunda alizimeza zote, mkono ukiwa kifuani, akafariki kabla mahindi hayajakomaa.

Makaburini, wanawake waliotoka Mbinga walimwimbia. Vifua vilipanda na kushuka, machozi yakawatoka, na kilichosikika ni makoleo na udongo tu. Padri aliposali kwa Kiswahili, watu wote wakaitikia amina kwa nguvu. Baadaye majirani walisema ulikuwa msiba mtulivu.

Aidani alikuja kumshika Noela mkono. "Pole sana. Wiki ijayo tunaanza ramani ya Tunduru."

Noela alijibu kwamba ameshapoa, akauliza gari litaondoka saa ngapi.