Antena ya Pijo

Enzi za ruksa, mzee Pastory wa Nyasura alijipatia gari kuukuu aina ya Pijo na redio mpya ya kufunga humo.

"Gari langu halitobolewi kwa ajili ya antena! Kutu italila lote."

"Basi utasikilizaga mikwaruzo, mzee," fundi Wambura alimcheka, drili mkononi.

Gati, binti wa mzee, alitazama kwa makini. Baba yake alikuwa ameibana antena kwenye mfereji wa paa la gari, akaweka mpira chini yake ili rangi isichubuke, na redio ilikuwa inakwaruza tu. Gati akautoa mpira, akakwangua rangi kidogo mpaka bati likang'aa, akakaza skrubu na kupaka grisi pembeni kuzuia kutu.

"Washa, baba."

Taarifa ya habari ikasikika vizuri kabisa.

"Nani kakufundisha?" Wambura aliuliza.

"Nilikuwaga nakuangalia ukikwangua vichwa vya betri ili chuma kigusane na chuma."