Mdomo wa Fundi Bati

Zamani ukiutafuta mtaa ule hukuuliza mtu, ulifuata kelele. Kila kibaraza kilikuwa na fundi anayegonga bati: huyu ndoo, yule jiko, mwingine sanduku la mwanafunzi. Siku hizi kuna saluni, maduka ya simu, na ghorofa jipya la kupangisha lililomeza karakana kadhaa. Fundi Bati amebaki peke yake, kwenye kibaraza cha marehemu baba yake, na sasa ameitwa kikaoni. Wapangaji wa ghorofa wamechoshwa na nyundo yake; mtaa uamue kama abaki au ahame.

Fundi si msemaji. Mpe bati, atakupa ndoo. Mpe maneno, atakupa kikohozi. Kwa hiyo mdogo wake alipomwambia, "Kaka, wewe kaa tu, niachie mimi," alishukuru. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea mdogo huyo, kwa nyundo hiyo hiyo. Damu nzito kuliko maji, bwana! Akasimama mbele ya watu wote, akamwambia mwenyekiti, "Leo mdomo wangu ni huyu. Atakachosema ndicho changu." Akakaa, roho imetulia.

Mdogo mtu akausifu mtaa, akamsifu baba yao, mpaka wazee wakatikisa vichwa kwa raha. Kisha akasema, "Lakini kila zama na kitabu chake. Kaka yangu amekubali kuhama."

"Nimekubali lini?" Fundi aliuliza.

"Kaka, wapangaji hawalali."

"Wapangaji wa nani, hata uwasemee?"

Mdogo mtu akainamia viatu vyake. Aliyejibu ni mshona viatu, jirani wa miaka mingi, kwa sauti ndogo. "Wake, Fundi. Ghorofa ni lake. Tulidhani unajua."

Kumbe mtaa mzima ulijua, na kila asubuhi ulimwamkia kama kawaida.

Mwenyekiti, kwa haya, akamwuliza kama anayakana maneno aliyosemewa. Neno moja tu lingekiokoa kibaraza: mwongo. Lakini amwite mwongo, mbele za watu, mtoto aliyembeba mgongoni? Ilimuuma.

"Nilishasema, atakachosema ndicho changu," alijibu. "Nitahama."

Halafu akamgeukia mdogo wake. "Ila wewe, ukiulizwa, usiseme una kaka."