Sufuri na Tano

Dawa ya kijicho haiuzwi dukani. Lau ingeuzwa, Kamaludin wa Langoni angemeza kopo zima mwaka huu, maana kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakipandi hakishuki. Na mwiba wenyewe ulikuwa na jina. Uliitwa Hayat.

Miaka kumi na minane Kamaludin ndiye aliyepiga video za harusi za Amu, upande wa wanaume. Upande wa wanawake haukumhusu. Mwanamume hauoni, si kwa macho wala kwa kioo cha kamera. Ndiyo akamchukua Hayat, binti wa jirani, akamfunza kushika kamera, kuunga vipande, kusafisha sauti. Kisha akamwambia, "Wewe upande wa wanawake utakutosha." Alimpa kama mtu anavyomtupia paka kichwa cha samaki.

Lo! Kumbe kichwa ndicho kilichokuwa na nyama. Hayat aweza kuona pande zote mbili, maana ya wanaume hayafichwi wanawake, harusi nzima ni yake, na Kamaludin hata asimame kwa kichwa, nusu ya kila harusi ni haramu kwake. Watu wakaanza kunong'ona mitaani: ya nini kuhangaika na watu wawili, na binti mmoja aweza kuziunga pande zote zikawa video moja? Kamaludin aliyasikia hayo kwa masikio yake, akiwa msalani pa msikiti anatawadha. Udhu wake siku ile sijui kama ulitimia.

Ikaja harusi ya Faiz. Babake, Bwana Athman, alitaka video zote mkononi Ijumaa baada ya swala, kwa kuwa Jumamosi Faiz arudi kazini Maskati. Hayat akaleta ya wanawake Jumanne, siku ya pili tu. Kamaludin hata robo hajafika. Kompyuta yake kila jua likipanda huanza kukokota miguu, na akiiamuru iitoe video nzima, yafika nusu yaganda. Bwana Athman akamwambia kwa upole, "Ukiona uzito, Maalim, mpe Hayat akumalizie. Si mwanafunzi wako?"

Afadhali angempiga kofi. Kamaludin alijua akishindwa harusi hii mbele ya mui mzima wa Amu, basi hapana harusi nyengine itakayobisha mlango wake. Atabaki kupiga picha za paspoti.

Na huyo Hayat naye, Mungu ampe nini tena, alipita dukani jioni ile ile na bakuli la viazi vya rojo. "Maalim, kompyuta yako na yangu ni pacha, si tulizinunua pamoja Mombasa? Tafauti ni kuwa mimi nimeingia ndani ya bayosi, nikaigeuza kasi ya prosesa na volti zake. Ndoo kwetu nyumbani nikuoneshe, nitaifunika hiyo harusi ya wanawake usiione."

"Hayo nimeyafanya zamani," akasema Kamaludin.

Mwongo! Hata bayosi ilikuwa wapi hakujua. Hayat alipotoka tu, akaivamia simu, akatazama mafunzo mpaka macho yakamwasha. Akajua bayosi ni ule ukurasa unaoingia kompyuta inapoanza kuamka, kabla haijajua jina lake. Akajua prosesa, yaani ubongo wa mashine, yaweza kukimbizwa kupita ilivyotoka kiwandani, na ikikimbizwa hudai volti zaidi. Ukiinyima huanguka, ukiizidishia huungua. Walimu wote wa simuni walikazania jambo moja: nenda hatua kwa hatua, jaribu, ngoja, jaribu tena. Lakini mwenye kijicho ana hatua? Asubuhi akapandisha kasi kwa mkupuo. Kompyuta ikageuka rangi ya buluu, ikazimika. Akarudia. Ikazimika tena, na Jumatano nzima ikaisha hivyo hivyo.

Basi kilichokosekana ni tarakimu za Hayat. Za kuuliza hakuuliza, afadhali ameze wembe. Na kuingia chumbani mwake hakuwezi, wanawake wa watu wamejaa kwenye skrini wakicheza. Akamwita mkewe Fahima, anayesomesha madrasa.

"Nenda kwa Hayat, kana kwamba wamtembelea tu. Akifungua ukurasa wa kasi na volti, nakili tarakimu zake."

"Nikaibe?"

"Nani amesema kuiba? Ukatazame tu."

Fahima akajitanda leso yake, akasimama mlangoni. Kamaludin akayasoma maandishi ya leso: *Hasidi hana sababu.*

"Leso hiyo umeichagua wewe?"

"Ndiyo iliyokuwa safi," akasema Fahima, akatoka.

Alirudi kabla ya adhuhuri, mkononi ana karatasi iliyochanwa kwenye daftari la madrasa. "Hayat amesema nikwambie—"

"Alichosema kaa nacho. Nipe karatasi."

"Kamaludin, nisikize kwanza."

"Karatasi!"

Fahima akaiweka juu ya meza, akaenda zake jikoni. Angalieni basi jinsi mtu anavyojichimbia. Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: kasi, arobaini, kwa tarakimu za Kiarabu kama Fahima anavyoandika siku zote, nne yenye mgongo na sufuri ya nukta. Wa pili: volti, moja, nukta, halafu viduara viwili.

Kila aliyepita chuo cha Kurani Amu ajua mtego huo. Kwa hesabu za skuli, kiduara ni sufuri. Kwa tarakimu za Kiarabu, sufuri ni nukta, na kiduara ni tano. Moja nukta sufuri sufuri, au moja nukta tano tano?

Alisita, nisimsingizie. Kompyuta yake ilikuwa ikijipa moja nukta mbili na kidogo, na wale walimu wa simuni walisema ukikaribia moja nukta nne anza kumwomba Mungu. Kumwita Fahima aliye hatua kumi, amuulize sufuri au tano, kungekuwa kazi gani? Lakini angemuuliza, Fahima angemalizia yale maneno ya Hayat, na hayo hakuyataka. Tena akajiambia: Hayat anishinde mimi kwa volti chache kuliko zangu? Thubutu! Yule binti ameilisha mashine yake ikashiba, ndiyo maana yakimbia. Mkewe si ameandika arobaini kwa Kiarabu? Na hizi ni za Kiarabu. Tano tano.

Husuda ndiyo iliyomsomea, wala si macho yake.

Akaandika moja nukta tano tano. Tarakimu zikageuka nyekundu palepale. Akaziona nyekundu, akasema bismillahi, akakubali.

Wallahi ilikimbia! Haikuzimika, haikugeuka buluu. Feni ikavuma mpaka pazia likapepea, na ule mstari wa kuitoa video ukaanza kujaa: kumi, ishirini, thelathini katika mia. Kamaludin akajipiga paja. Akamwona Bwana Athman akimwomba radhi. Akamwona Hayat, hili ndilo lililomfurahisha hasa, Hayat akija na bakuli jengine kuuliza, Maalim, wewe umefanyaje?

Arobaini na moja katika mia, skrini ikawa nyeusi. Harufu ikatoka, ya plastiki na ya kitu kingine. Akabonyeza. Kimya. Akachomoa waya, akachomeka. Kimya. Akaomba, akabonyeza kwa jina la Mtume. Kimya vilevile, na ilikuwa Alhamisi.

Fahima alikuja na kifuniko cha sufuria mkononi, akanusa, akamtazama mumewe. Alitoka uwani, na punde akarudi na Hayat.

Kamaludin hakuinua uso. Hayat alifungua ubavu wa kompyuta, akanusa, akapima kwa kidole, kisha akaiona karatasi mezani. "Maalim, umeweka ngapi?"

"Ulizoweka wewe. Moja nukta tano tano."

"Tano?" Hayat aliishika karatasi. "Maalim, hizi si tano. Ni sufuri. Mstari huu nimeandika mimi, kwa hesabu za skuli, Bi Fahima aliponiomba. Kompyuta zetu hazikosi nguvu, zakosa pumzi kwa joto la hapa. Prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Mimi nalishusha volti. Siku tisa nazishusha, kidogo kidogo, kila siku naijaribu mpaka ikatulia."

"Kushusha," akasema Kamaludin.

"Nalimwambia Bi Fahima akwambie: asipandishe, ashushe."

Fahima alikuwa mlangoni. "Neno ndilo hilo," akasema. "Nilitumwa niliseme, sikupewa nafasi."

Ningependa kusema Kamaludin alitubu palepale. Hakutubu. Alimtazama Hayat akiifungua diski ya video, ambayo alhamdulillahi ilikuwa nzima, akaifunga ndani ya mtandio wake kama mtu abebaye mkate wa moto, na roho ikazidi kumuuma. Hakuiba mtu. Alipewa. Alipewa vyote, tarakimu na maneno yake, na bado akaungua.

Ijumaa baada ya swala wanaume walikaa ukumbini kwa Bwana Athman, halwa na kahawa zikapita, video ikawekwa. Nikah ilitoka safi, sauti ya kadhi kama yuko hapo. Kamaludin alikuwa akitafuta kosa, hata moja, hakuliona. Mwisho yakaja maandishi. Alijikaza kulisoma jina la Hayat. Halikuwapo. Palikuwa na jina moja tu, kubwa, katikati: *Maalim Kamaludin.*

Hata hilo akamwonea kijicho. Kwamba moyo wa kuandika vile alikuwa nao binti, wala si yeye mwalimu wake.

"Mashaallah!" Bwana Athman akampiga begani. "Tuwie radhi, Maalim, tulikudhania umechoka. Kumbe yule binti bado ana la kujifunza kwako. Katika mia nakupa mia!"

Watu wakaitikia. Faiz akaja kumpa mkono. Kilichotakiwa ni Kamaludin kutabasamu tu, jina lake likasimama, na Hayat, namjua, asingelisema maisha yake.

Kamaludin alikishika kikombe cha kahawa, hakinywi.

"Nipe sufuri," akasema.

"Vipi?"

"Katika kazi hii mimi ni sufuri. Mia yote ni ya Hayat, na tano juu. Mashine yangu niliiunguza kwa mkono wangu, yeye ndiye aliyeimaliza video hii."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Mwaona unyenyekevu wa watu wakubwa?" akasema Bwana Athman, akamsogezea sahani ya halwa.

Kamaludin akaweka kikombe chini, akasimama, akalisema tena kwa sauti kubwa, mpaka kicheko kikakatika.