Maji ya Shela

Barua zilikuwa tatu, kila moja na picha ya nyumba. Memsabu alizitandaza mezani, kisha akaweka kikombe cha chai juu ya ile ya Kilifi, na Wanjugu, aliyekuwa akifuta makombo, akajua papo hapo kwamba Kilifi imekwisha. Zimebaki Malindi na Lamu. Akafuta tena pale pale alipokwisha kufuta.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tano, kwenye shamba moja la ng'ombe na pareto juu ya Gilgil. Kila mwisho wa mwaka wazungu wa shamba hilo walikodi nyumba pwani, wakalale mchangani wiki tatu. Wanjugu alikuwa yaya wa Juni, binti yao wa miaka minne. Memsabu hakwenda popote bila Juni, na Juni hakulala bila Wanjugu. Kwa hiyo nyumba ikichaguliwa, na yeye amechaguliwa, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Safari hii alitamani kuulizwa.

Sababu ni mtu mmoja, Kang'ethe, seremala aliyepoteza kidole cha shahada kwenye msumeno huko Nakuru. Kang'ethe alikuwa mume wake. Alipoona wenzake wanakamatwa mmoja mmoja kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, alimwambia, "Ukiulizwa, mimi nilikufa." Wiki mbili baadaye akachukuliwa yeye. Wanjugu alipofikishwa mbele ya meza ya askari na kuulizwa mume wake ni nani, alijibu hana, alikufa kwa homa. Wakaandika hivyo. Jibu hilo ndilo lililomwacha na kazi, na chumba kwenye laini za wafanyakazi, ndani ya seng'enge, ambako kila Mkikuyu alihesabiwa saa kumi na mbili jioni. Ukikosekana, basi, kajisemee mwenyewe kwa askari.

Kisha Naftaly, dereva wa lori la maziwa, akaleta habari. Ndugu yake alikuwa askari jela kwenye kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji kutoka Lamu. "Yuko huko fundi mmoja hana kidole," alisema huku akipakia mikebe. "Mzima. Lakini Manda hakuna maji ya kunywa, dada. Kila asubuhi wafungwa wanavushwa kwa mashua kwenda Shela, upande wa Lamu, kuchota visimani."

Na sasa barua ya Lamu ilikuwa mezani, na Memsabu akimsomea Bwana kwa sauti: nyumba ya mawe, iko Shela, ina kisima nyuma ya ukuta. Kiingereza cha Wanjugu kilikuwa cha chumba cha watoto, lakini kilitosha.

"Wanjugu, kuja hapa," Memsabu akaita kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Wewe ona picha. Nyumba gani mzuri?"

Haya basi. Wewe ungesema nini? Yaya hana Lamu wala Malindi. Yaya akisema anataka kitu, swali la pili ni kwa nini, na la tatu huulizwa na askari. "Zote nzuri, Memsabu," akasema. Akabeba sahani mpaka mlangoni, akasimama hapo kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu. "Ile Malindi ndiyo anakwenda Memsabu wa Naivasha. Mpishi wake aliniambia. Nyumba yake iko karibu na hii."

Uongo mtupu, na haukumwasha hata ulimi. Memsabu wa Naivasha na Memsabu wetu hawakuwa wakisalimiana tangu maonyesho ya Nakuru, walipogombania zawadi ya keki. Keki zenyewe walizipika wapishi wao, lakini chuki ilikuwa yao wenyewe.

Memsabu alitazama picha ya Malindi muda kidogo. Akaikunja. "Lamu," akamwambia Bwana. "Huko angalau kuna utulivu."

Siku kumi zilizofuata Wanjugu aliishi kama mwenye homa ya furaha. Alifua nguo za Juni mara mbili mbili. Alijifanyia mazoezi akiwa peke yake kwenye chumba cha pasi: atatoka na debe lake, atainama kisimani, hatasema neno. Amwone tu. Naye amwone.

Bwana akaenda Nakuru kutafuta vibali vya safari vya watumishi. Akarudi mchana, buti zimejaa vumbi, akazungumza na Memsabu barazani, na Wanjugu akasikia kila kitu akiwa na sweta ya Juni mkononi. Khisa mpishi amepata kibali, ni mtu wa Bungoma. Wanjugu hapana. Mkikuyu haruhusiwi kukanyaga Lamu, kwa ajili ya wale wafungwa.

"Ingekuwa Malindi," Bwana alisema, "wangempa hapo hapo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wanjugu aliketi kwenye kikapu cha nguo, na hasira iliyompanda haikuwa juu ya Bwana wala juu ya serikali. Alijichukia mwenyewe, na ulimi wake, na ujanja wake. Angenyamaza tu, angekuwa Malindi, angalau bahari hiyo hiyo. Na kusema sasa, amwambie nani?

Wakaondoka na Naliaka, mke wa Khisa, mwanamke mwema. Kwa siku mbili Wanjugu alimfundisha jinsi ya kumwogesha Juni na jinsi ya kumlaza. Mara tatu alifungua mdomo kumwambia habari ya kisima. Lakini Naliaka humwambia Khisa, na Khisa humwambia Bwana. Akaufunga.

Wiki tatu alipangusa nyumba tupu. Jioni akahesabiwa.

Waliporudi, Juni alikuwa mweusi kwa jua, na jambo la kwanza alilotaka ni kuogeshwa na Wanjugu. Memsabu aliketi kwenye kiti kando ya beseni, amechoka, anavuta sigara.

"Hii mtoto natia sisi aibu," akasema. "Yeye nasema Kikikuyu na wafungwa, kule kisimani. Mtu moja naweka debe chini, nauliza yeye nani nafundisha. Juni nasema Wanjugu. Ule mtu nalia. Askari nasukuma yeye." Akamtazama. "Mtu mrefu, kidole hapana. Wewe najua yeye?"

Sabuni ilimponyoka, akaitafuta chini ya maji mpaka akaipata. Ukiulizwa, mimi nilikufa.

"Hapana, Memsabu," akasema. "Simjui."

Memsabu akaridhika, akageukia dirisha. Juni alikunja uso. Hakupenda watu wazima wakikosea, basi akarekebisha jambo hilo kwa Kikikuyu, lugha aliyozoea kumwambia siri.

"Lakini yeye anakujua," akasema. "Aliniuliza kama unakula vizuri. Nimwambie nini tukirudi?"

Wanjugu akachota maji kwa kopo, akammwagia mtoto kichwani, polepole, na tena, na tena, ili anyamaze.